Kifaa kilikaa kabatini, sasa hakisomeki: dalili, visababu na hatua za kuokoa data

Malalamiko huja kwa sura zilezile. Mtu ana diski ya nje yenye picha za miaka kumi, hajaigusa muda mrefu, leo ameichomeka na kompyuta haioni kitu. Mwingine flashi yake inataka ifomatiwe. Wa tatu anaziona faili zote, majina yapo, ukubwa upo, ila akifungua picha nusu yake ni kijivu. Wote wanauliza swali moja: data zimekwenda?

Mara nyingi bado zipo. Kinachozimaliza ni yale yanayofanywa katika saa ya kwanza baada ya dalili kujitokeza: kufomati ili kifaa "kifunguke", kuendesha programu ya kurekebisha makosa, kuchomoa na kuchomeka tena na tena, kufungua kasha kwa bisibisi. Kwa hiyo mwongozo huu wote unafuata mpangilio mmoja: nakili kwanza, rekebisha baadaye. Usiandike chochote kwenye kifaa kinachougua. Usisakinishe humo programu ya kuokoa data, wala usihifadhi humohumo faili ulizookoa.

## Kila kifaa huzeeka kwa njia yake

Ukijua kifaa chako huchakaa vipi, dalili utazielewa upesi.

Diski ngumu ni mashine. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Usumaku ulioandikwa kwenye sahani hudumu miaka mingi. Kinachochoka ni mota, vilainishi na vichwa. Diski inayofanya kazi kila siku, mimi huihesabia miaka mitatu hadi mitano. Ikivuka hapo inaweza kuendelea vizuri kabisa, lakini isiwe ndiyo yenye nakala ya pekee.

SSD, flashi na memori kadi hazina kinachozunguka. Data hukaa kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli ndogo mno, na chaji hiyo huvuja polepole. Joto huharakisha uvujaji, na seli iliyoandikwa na kufutwa mara nyingi huvuja haraka zaidi kwa sababu ukuta wake umechoka. Seli za siku hizi hubeba biti tatu au nne kila moja, maana yake kontrola (chipu inayosimamia seli hizo) lazima itofautishe viwango 8 au 16 vya chaji ndani ya seli moja. Chaji ikipungua kidogo tu, kiwango kimoja huanza kufanana na kingine.

Hapa kuna uvumi wa kuondoa. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi joto 30, na ile ya seva miezi 3 kwenye nyuzi joto 40. Wengi walikisoma wakaeneza habari kwamba SSD yoyote hufutika baada ya mwaka. Sivyo. Kipimo hicho ni cha kifaa ambacho tayari kimemaliza kiasi chote cha uandishi kilichoahidiwa na mtengenezaji. SSD changa hushika data muda mrefu zaidi ya huo. Hata hivyo sikushauri uizime na kuiweka kabatini kwa miaka ukitegemea kuikuta salama, na kwa flashi na kadi za bei ya chini nasisitiza zaidi, kwa kuwa seli zake na kontrola yake mara nyingi ni za daraja dogo.

## Dalili: kifaa hakionekani kabisa

Anza na visababu vya kawaida, hata kama vinaonekana vidogo mno kwa hasara unayoihofia.

Waya ndiyo mshukiwa wa kwanza. Nyaya nyingi za kuchajia simu hazina nyuzi za data ndani yake, kwa hiyo taa ya diski itawaka na kompyuta isione kitu. Badilisha waya, kisha badilisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, na usipitie kigawanyo cha USB.

Umeme mdogo unafuata. Diski ndogo ya nje hutegemea umeme wa tundu la USB. Tundu likiwa dhaifu, mota hujaribu kuanza, hushindwa, hujaribu tena. Diski kubwa za inchi 3.5 huhitaji adapta yake ya volti 12. Usikisie adapta. Plagi ya adapta ya kompyuta ndogo inaweza kuingia vizuri kabisa huku ikileta volti 19, na bodi ya diski ikaungua papo hapo.

Baada ya hapo fungua sehemu ya mfumo inayosimamia diski (Disk Management kwenye Windows, Disk Utility kwenye Mac), siyo dirisha la faili. Utakachokiona hapo kinasema mengi. Ikiwa diski ipo na ukubwa wake ni sahihi, tatizo liko kwenye mpangilio wa data: huenda haijapewa herufi, au mfumo wa faili umeharibika, kwa hiyo ruka hadi dalili inayofuata. Ikiwa ipo lakini ukubwa wake ni sifuri, au megabaiti chache kwenye kifaa cha gigabaiti mia tano, kontrola haizifikii seli au sahani. Hapo programu yoyote ya kuokoa data haitasaidia, kwa sababu hakuna inachoweza kusoma.

Kisababu kingine kwa diski za nje ni saketi ya kasha lenyewe. Fundi anaweza kuitoa diski na kuiunganisha moja kwa moja. Ila kuna makasha ambayo saketi yake husimba data zote bila mwenyewe kujua. Ukiitoa diski humo utaona takataka tupu, na kasha ulilolitupa ndilo lililokuwa na ufunguo. Tunza kila kipande.

SSD hufa kwa namna yake: leo nzima, kesho kimya. Ikiwa ilikatikiwa umeme ghafla, iunganishe na umeme uiache nusu saa bila kuigusa, kwani baadhi ya kontrola hujipanga upya zenyewe. Kama ni modeli ile ile ya wengine wengi, tafuta taarifa ya mtengenezaji kuhusu kasoro ya programu ya ndani. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data zisingerudi. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15: kihesabu saa kilifika ukomo wake. Funzo la tukio hilo kwa mtu wa nyumbani ni la vitendo. Ukinunua vifaa viwili kwa ajili ya nakala mbili, usivinunue vya modeli moja na siku moja, kwa maana vinaweza kufa pamoja.

Acha na umwite mtaalamu ikiwa kuna harufu ya kuungua, bodi inapata joto kali, au umejaribu waya, tundu na kompyuta tofauti bila mafanikio. Usibadilishe bodi ya diski kwa bodi ya diski nyingine inayofanana. Diski za kisasa zina chipu yenye vipimo vya diski hiyo hiyo moja, na bila kuihamisha chipu bodi mpya haitazijua sahani.

## Dalili: kifaa kinaonekana, lakini kompyuta inataka ukifomati

Bonyeza kughairi, kila mara. Ujumbe huu haumaanishi kwamba kifaa ni kitupu. Unamaanisha kwamba kompyuta imeshindwa kusoma jedwali linaloeleza faili ziko wapi.

Kisababu kinachorudi zaidi ni kuchomoa bila kutenganisha kwanza, jedwali likabaki limeandikwa nusu. Cha pili si ugonjwa: kifaa kilifomatiwa na mfumo mwingine. Diski iliyoandaliwa kwenye Mac au Linux ikichomekwa kwenye Windows huleta ombi hilo hilo la kufomati, na watu wamefuta diski nzima zisizo na tatizo lolote. Kumbuka kifaa kilitumika wapi mara ya mwisho, ukijaribu huko kwanza. Cha tatu ni usimbaji. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, inahitaji nywila yake au ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48. Bila kimojawapo hakuna fundi atakayekufungulia. Mwishoni kabisa ndiyo kuna sekta mbovu (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) mwanzoni mwa diski, au seli za flashi zilizovuja.

Ukishathibitisha kuwa si mfumo mwingine na si usimbaji, usikimbilie chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski. Programu hiyo ilitengenezwa kuurudisha mfumo wa faili katika hali inayokubalika, na ikiona vipande visivyoeleweka itavikata au kuvipa majina mapya ili jedwali lipatane. Faili zako si kipaumbele chake. Kwenye diski yenye sekta mbovu, inaweza kugeuza kazi ya nusu saa kuwa ya kitaalamu.

Badala yake tengeneza taswira ya kifaa kizima, yaani nakala ya kila sekta ndani ya faili moja, kama inavyoelezwa hapo chini, kisha elekeza TestDisk kwenye taswira hiyo. TestDisk ni ya bure, na mara nyingi hupata jedwali la akiba au sehemu ya diski (partition) iliyopotea. Ikishindikana, PhotoRec itapekua taswira ikitafuta faili kwa alama za mwanzo wake. Itakurudishia picha na nyaraka, ila majina na folda vitapotea. Jiandae kupanga upya maelfu ya faili.

## Dalili: diski inagonga, inasaga au inapiga mlio mwembamba

Zima. Sehemu hii naiandika fupi kwa makusudi, kwa kuwa kila dakika ya kuendelea inaweza kukwangua sahani.

Mlio wa kugonga wa "tak, tak, tak" kisha kimya: kichwa kinatafuta alama za mwongozo na hakizioni. Umeme mdogo unaweza kuleta sauti hiyo pia, kwa hiyo una ruhusa ya jaribio moja tu, kwa waya mfupi mzuri na tundu lenye nguvu. Ikigonga tena, basi. Mlio mwembamba wa kujirudia bila kuzunguka, hasa kwenye diski iliyolala miaka mingi au iliyoanguka, huwa ni mota inayojaribu kuzungusha sahani ambazo kichwa kimezing'ang'ania. Sauti ya kusaga ndiyo mbaya kuliko zote: chuma tayari kinagusana na uso wenye data.

Usiiweke kwenye friza. Ushauri huo bado unazunguka, lakini unyevu hugeuka matone juu ya sahani diski inapotoka kwenye baridi, na kichwa kinachoelea kwa nanomita kitapita juu ya maji. Usiigonge, usiifungue. Diski hufunguliwa katika chumba kilichochujwa vumbi, na fundi asiye na chumba hicho anayekuambia ataifungua mezani pake, mnyang'anye diski yako kwa upole.

Ikiwa diski ililowa maji, kanuni ni hiyo hiyo: usiiwashe kujaribu. Ipeleke jinsi ilivyo.

## Dalili: inafunguka, lakini polepole mno, au inakwama katikati ya kunakili

Hii ndiyo dalili yenye thamani kuliko zote, kwa maana kifaa bado kinazungumza. Wengi huipuuza. Wanasubiri, wanaanzisha tena kompyuta, wanaendelea kufanya kazi mwezi mzima.

Kwa diski ngumu, fungua takwimu za SMART, rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, kwa programu kama CrystalDiskInfo kwenye Windows, au `smartctl -a` kwenye Linux na Mac. Ni usomaji tu, haudhuru. Tazama mistari minne kwa namba zake, upande wa thamani ghafi:

- 5: sekta zilizokufa ambazo diski imezihamishia kwenye akiba.
- 197: sekta zinazoshukiwa, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri hatima yake.
- 198: sekta zilizoshindikana kabisa wakati wa ukaguzi.
- 199: makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta.

Mstari wa 199 ukiwa peke yake unapanda, furahi: mara nyingi ni waya, na kuubadilisha kunamaliza tatizo. Namba iliyokwisha kuhesabiwa hairudi sifuri, kwa hiyo angalia kama imeacha kupanda. Mstari wa 197 ndio wa kuutazama kwa makini. Ukiona 8 leo na 24 baada ya saa chache za kunakili, sehemu mbovu inaenea. CrystalDiskInfo kwa kawaida huonyesha thamani ghafi kwa mfumo wa heksadesimali, hivyo 10 utakayoiona huko ni 16; badilisha kwenye mipangilio ili usijidanganye.

Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa zaidi ya diski 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Lakini soma na upande wa pili wa utafiti huo: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na onyo lolote kwenye vipimo vinne vyenye nguvu zaidi. SMART ikilalamika, iamini. Ikisema kila kitu ni kizuri, bado endelea kunakili.

Namna ya kunakili diski inayougua ina mpangilio wake. Kunakili kwa kuburuta folda ni kubaya hapa, kwani kompyuta hukwama kwenye faili moja mbovu ikisoma sekta ile ile mamia ya mara huku diski ikizidi kuchoka. Ikiwa kuna faili chache ambazo huwezi kuishi bila hizo, zichukue hizo kwanza, moja moja. Kisha tumia programu ya ddrescue kwenye Linux, ambayo husoma kwanza sehemu zote nzima, huruka zenye shida, na kuandika ramani ya ilipofikia:

`ddrescue -d -n /dev/sdX taswira.img ramani.map`

Baada ya awamu hiyo, rudi kwenye sehemu ngumu:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdX taswira.img ramani.map`

Mambo matatu ya kuangalia. X ni herufi ya diski inayougua. Ihakikishe kwa ukubwa na namba ya kifaa, maana ukigeuza chanzo na mahali pa kuandika utafuta ulichokuja kuokoa. Taswira huchukua ukubwa wa diski nzima, hata kama imejaa robo tu. Na diski unayoandikia isiwe FAT32, kwa kuwa haikubali faili inayozidi gigabaiti 4. Kazi ikikatika, amri ile ile ikiwa na ramani ile ile itaendelea ilipoishia. Diski ikianza kugonga katikati ya kazi, zima.

SSD inayosoma polepole ina kisa kingine. Mwaka 2014 wamiliki wa Samsung 840 EVO waligundua kwamba faili zilizokaa bila kuguswa zilisomeka kwa kasi ndogo sana, ilhali faili mpya zilikwenda kwa kasi ya kawaida. Chaji kwenye seli ilikuwa imesogea, kontrola ikalazimika kusoma na kusahihisha tena na tena. Samsung ilitoa marekebisho mwaka huo, halafu mengine mwaka 2015 yaliyokuwa yakiandika upya data za zamani mara kwa mara. Kwa hiyo ukiona faili za zamani ni nzito na za jana ni nyepesi kwenye SSD au flashi yako, fahamu kwamba chaji inafifia. Nakili kila kitu kwenda kifaa kingine, hakikisha nakala inafunguka, kisha ndipo usasishe programu ya ndani ya kifaa na kuziandika data upya.

## Dalili: faili zipo, lakini hazifunguki au zimeharibika

Kwa flashi au kadi mpya yenye ukubwa mkubwa kwa bei ndogo, shuku kwanza udanganyifu. Kontrola imepangwa itaje gigabaiti 512 huku chipu ikiwa na 32. Faili za mwanzo zitafunguka vizuri; zilizoandikwa baada ya nafasi halisi kujaa zitakuwa na majina yake na ukubwa wake, ndani hamna kitu. Hizo haziokoleki, hazikuwahi kuandikwa. Pima kila kifaa kipya kabla ya kukikabidhi kitu, kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, kwa kukijaza chote na kukisoma tena.

Kama kifaa ni halisi, kisababu cha kawaida ni kuchomoa wakati uandishi haujaisha. Kisha kuna chaji kuvuja kwenye seli za flashi iliyolala muda mrefu, ambayo huonyesha picha nzuri hadi katikati halafu rangi hupotea. Mara chache sana kosa liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, RAM, iliyoharibu faili wakati wa kunakili miaka iliyopita. Utaligundua ikiwa nakala zako zote mbili zina kasoro mahali palepale.

Soma kifaa mara ya pili kwa kisomaji tofauti. Seli zilizo ukingoni wakati mwingine husomeka katika jaribio la pili au la tatu. Picha yenye uharibifu mdogo mara nyingi huwa na vijipicha ndani yake, na programu za kurekebisha JPEG huweza kurudisha sehemu kubwa. Ila sehemu iliyokwisha kuvuja haina programu ya kuirudisha, na anayekuahidi asilimia mia kabla hajakiona kifaa anakuuzia matumaini.

## Dalili: flashi au kadi haikubali kuandikwa wala kufutwa

Kwenye kadi kubwa za SD angalia kitelezi cha pembeni. Kama hakijafungwa, basi huenda kontrola imejifunga yenyewe kwa kuwa seli za akiba zimekwisha. Huo ni mwisho wa maisha yake, na umekupa nafasi nzuri: bado inasomeka. Nakili zote leo. Usipoteze muda na programu za "kuondoa ulinzi", kwani hata zikifanikiwa zinakirudisha kazini kifaa kisichoaminika tena.

## Dalili: CD au DVD haisomeki

Ishike kwenye mwanga mkali, upande wa maandishi ukikuelekea. Ukiona vitobo vinavyopitisha mwanga, tabaka linaloakisi limeliwa au limebanduka, na hapo data hakuna. Ukingo wenye rangi ya shaba au mawingu ni kutu inayoingia kutoka pembeni. CD nyingi zilizotengenezwa kati ya 1988 na 1993 kwenye kiwanda cha Philips and Du Pont Optical huko Blackburn, Uingereza, zilipata rangi ya shaba namna hiyo, kwa kuwa vanishi yake haikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi za vijitabu vyake.

Kabla ya kukata tamaa, shuku uchafu, halafu shuku mashine. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Leza za visomaji huchoka, na CD inayokataa kwenye kisomaji kimoja mara nyingi hukubali kwenye kingine, hasa kile kilichoiandika. Mikwaruzo ya upande wa chini, wa plastiki, inaweza kusuguliwa. Ya upande wa maandishi kwenye CD haiponi, kwa kuwa hapo data zimefunikwa na vanishi nyembamba tu. DVD ina afadhali: tabaka lake liko katikati ya plastiki mbili.

Zile za kuandika mwenyewe hutumia rangi inayounguzwa na leza, na mwanga na joto huififisha. Za kufuta na kuandika tena ni dhaifu zaidi, sizitegemei kabisa. Ikisomeka kwa shida, itengenezee taswira kwa ddrescue kwenye visomaji viwili tofauti ukitumia ramani moja. Kila kimoja hujaza mapengo ya mwenzake.

## Dalili: kifaa ni kizima, mashine ya kukisoma haipo

Kwa diski za zamani za IDE kuna adapta za USB, na kwa disketi kuna visomaji vya nje. Tepu za LTO, kanda za sumaku za kuhifadhia data, ni mtego zaidi. Watengenezaji huzihesabia hadi miaka 30 zikihifadhiwa vizuri, ila mashine ya kizazi cha 8 husoma kizazi cha 7 na cha 8 tu. Tepu inaweza kuwa salama kabisa na ukakosa pa kuiweka. Tunza mashine pamoja na tepu, au hamisha data kila mashine inapobadilishwa.

Disketi za Zip za miaka ya 1990 zina onyo lake. Mashine iliyoharibika vichwa huchana ukingo wa disketi, na disketi hiyo ikiingizwa kwenye mashine nzima huviharibu vichwa vyake nayo. Disketi ikianza kugongagonga, usiizungushe kwenye mashine za watu.

## Ukimpelekea mtaalamu

Mweleze dalili ya kwanza na kila ulichofanya baada yake, hata ulichojuta. Muulize mambo mawili: je, atafanya kazi kwenye taswira au kwenye kifaa chenyewe? Na je, atalipwa nini ikiwa hakupata kitu? Mpe ufunguo wa usimbaji ukiwepo, pamoja na kasha na waya vya asili. Na ujue mapema kwamba faili zilizofutwa kwenye SSD ni shida kubwa: mfumo huiarifu SSD kwamba nafasi hizo ni huru, nayo huzisafisha yenyewe ikiwa tu na umeme. Ukifuta kwa bahati mbaya, ikate umeme mara moja.

## Data zikishapatikana

Weka nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikikaa mahali pengine. Kwa kila faili tengeneza alama ya uhakiki ya SHA-256, yaani msimbo mfupi unaobadilika faili ikibadilika, kwa `sha256sum` kwenye Linux, `shasum -a 256` kwenye Mac, au `certutil -hashfile faili SHA256` kwenye Windows, na uihifadhi pamoja nayo. Bila alama hizo huwezi kujua faili ipi imebadilika kimyakimya kati ya maelfu.

Diski ngumu ya akiba iwashe angalau mara mbili kwa mwaka. SSD na flashi vivyo hivyo, lakini kuchomeka tu hakutoshi: si kila kontrola huziburudisha seli zake yenyewe. Soma faili zote hadi mwisho ukilinganisha na alama zake, na kila baada ya miaka miwili hivi zinakili upya. Kwenye lebo ya kila kifaa andika tarehe kilipoanza kazi na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Kwa CD tumia kalamu ya wino wa maji, ukiandika kwenye duara la plastiki la katikati lisilo na data.